Namba Tano kwa Bibi Harusi

Koleo alikuwa amelala chali chini ya lori, spana mkononi na vumbi puani, alipomsikia Baba Mkubwa akiingia uwanjani anapiga mluzi. Baba Mkubwa hakuwa mtu wa mluzi. Mara ya mwisho alipopiga mluzi alikuwa ametoka kununua tela lisilo na ekseli, na tela lenyewe lilikuwa bado limekaa nyuma ya choo, kuku wakilitagia mayai.

"Toka huko chini, mama, uje uone heshima!"

Koleo akajivuta nje kwa visigino. Baba Mkubwa alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Akautua juu ya bonati, akatoa chupa moja, akaigeuza ili maandishi yaonekane.

Mafuta ya breki. Namba tano.

"Umeona? Miaka yote tunamnywesha Bibi Harusi namba tatu. Tatu! Kama mtoto wa chekechea. Leo nimempandisha darasa."

Bibi Harusi ndilo lilikuwa jina la lori. Liliandikwa kwa rangi ya manjano juu ya kioo cha mbele na fundi rangi aliyeishiwa nafasi, hata herufi za mwisho zikabanana kama abiria. Lori lilimtangulia Koleo kuzaliwa, na breki zake zilikuwa za mafuta, za aina ile ya zamani. Dereva akikanyaga pedali, pedali inasukuma mafuta, mafuta yanapita kwenye vibomba vyembamba mpaka kwenye kila gurudumu, huko yanasukuma raba, na raba inalazimisha breki zishike. Basi. Kati ya mguu wa dereva na kifo chake hapakuwa na kingine ila mafuta hayo, ambayo hata birika la chai yasingelijaza.

Breki za uwanja ule zilikuwa mikononi mwa Koleo tangu alipomaliza chuo cha ufundi. Baba yake mzazi, mdogo wake Baba Mkubwa, alikuwa ameshafariki, na Baba Mkubwa ndiye aliyemlipia masomo, kisha akamkabidhi ufunguo wa stoo mbele ya ukoo mzima na kusema, "Huyu ndiye fundi wetu wa breki." Jina la Koleo alipewa na wapakiaji mizigo, kwa kuwa akishika jambo haachii. Walidhani wanamtukana. Yeye alilichukua, akalichora kwenye kisanduku chake cha vifaa.

"Baba Mkubwa, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Fungua kizibo umwagie."

"Hayaingii humu."

"Hayaingii kivipi? Kizibo si kilekile?"

Koleo akavuta pumzi. Alijua anachopaswa kufanya: apunguze sauti, aanze na shukrani, ampake kidogo mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha alete hoja kwa mlango wa nyuma. Wasichana wote wa ukoo ule walilelewa hivyo. Lakini saa chache tu baadaye lori lilikuwa linapakia saruji ya mkandarasi mpya, mtu aliyekuwa anawajaribu kwa mara ya kwanza, na njia ya kwenda kwake ilikuwa mteremko wa bondeni, ule mrefu wenye kona zinazofuatana, ambapo dereva hana pa kukimbilia upande wa kulia wala wa kushoto. Na dereva alikuwa Honi, mtoto wa kwanza wa Baba Mkubwa, kaka yake Koleo aliyelala naye kitanda kimoja walipokuwa wadogo.

"Hizi namba si madarasa," alisema. "Namba tano ni kitu kingine kabisa. Haichanganyiki na yaliyomo. Ukiyatia humu yatakaa mbalimbali, haya hapa, yale pale. Na maji yaliyokwishaingia kwenye breki hayatakuwa na pa kwenda, yatajikusanya kwenye mabomba kule chini. Honi akianza kuteremka, breki zikapata moto, yale maji yatachemka. Yakichemka ni mvuke. Pedali inakwenda chini, haikuti kitu."

"Maneno ya chuo hayo."

"Subiri."

Akaenda stoo, akarudi na gilasi. Akaweka ndani yake mafuta ya zamani aliyoyavuta kwenye kikopo cha breki, ya rangi ya chai iliyopoa, kisha akaongeza ya chupa mpya, ya rangi ya zambarau. Akatikisa. Akaiweka gilasi juani, wakaitazama wote wawili. Polepole zambarau ikajitenga na chai, mstari ukakaa katikati ukiwa umenyooka kama wa rula.

Baba Mkubwa aliinama, akaitazama gilasi kwa muda, mikono nyuma.

"Gilasi si lori," alisema.

Koleo akahisi hasira ikimpanda kutoka miguuni. "Baba Mkubwa!"

"Unanipigia kelele?"

"Hapana, baba. Naomba tu. Niende dukani nikalete yanayofaa, ni hapo tu, nitarudi kabla hawajamaliza kupakia. Lori lisiguswe."

"Nenda," alisema Baba Mkubwa, akimpungia mkono kama anayefukuza nzi. Koleo akalichukua neno hilo kuwa ni makubaliano. Hapo alikosea.

*

Duka la spea lilikuwa chumba kirefu chenye giza, mikanda ya feni ikining'inia darini na harufu ya raba mpya. Mwenye duka alikuwa anaitwa Mshauri. Mtu hawezi kununua hata balbu kwake bila kupewa ushauri, na ushauri wote huelekea kwenye kitu kilichojaa stoo.

"Dada Koleo! Mzee wako kanifurahisha leo asubuhi. Kachukua namba tano bila kubisha. Ndiyo habari ya mjini."

"Nani alikwambia namba tano inafaa lori la zamani?"

"Namba yenyewe si inajisema? Tano ni zaidi ya tatu. Au na hilo nalo chuoni wamelibadilisha?"

Wateja wawili kwenye benchi wakacheka. Koleo akajikaza.

"Viatu vyako namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Nikikuletea arobaini na saba utashukuru? Si ndiyo zaidi?"

Sasa wale wawili walicheka kwa sauti, na mmoja akapiga goti lake kwa kiganja. Mshauri akanuna. "Dada, umekuja kununua au umekuja kunivunjia biashara?"

"Kununua. Nipe namba tatu."

"Hilo sasa ndilo neno. Nikupimie chupa ngapi?"

"Unipimie?"

Mshauri akainama chini ya kaunta, akatoka na dumu lililozibwa kwa kitambaa, pamoja na funeli na chupa tupu za soda. Hivyo ndivyo alivyoyauza: dumu moja kubwa, kila mtu na kipimo chake. Madereva waliupenda mtindo huo, kwani nani anataka chupa nzima kama breki zinahitaji tone tu? Koleo aliutazama ule mdomo wa dumu, kitambaa kimelegea, akataka kulia.

"Hili dumu lilifunguliwa lini?"

"Mafuta hayachachi, dada. Si maziwa."

"Mafuta ya breki yanakunywa maji. Yanayavuta kwenye hewa, hivihivi yakiwa yamekaa wazi. Hapo unapima maji, Mshauri!"

"Mafuta yanakunywa maji!" Mshauri aliwageukia wale wa kwenye benchi kama anayeomba mashahidi. "Jamani, mnamsikia huyu? Mafuta na maji, tangu lini vikakaa nyumba moja?"

Hapo hata wale wateja walikuwa upande wake. Koleo aliona wazi kilichokuwa kinamzunguka tangu asubuhi. Kwa Baba Mkubwa alikuwa anaeleza kwamba mafuta haya mawili hayachanganyiki, haaminiki. Kwa Mshauri anaeleza kwamba mafuta haya yanachanganyika na maji, haaminiki. Kweli zote mbili, na zote mbili zilimfanya aonekane punguani.

Hakubishana tena. Akapita nyuma ya kaunta bila kuomba ruhusa, akapanda kwenye kreti, akaanza kupekua rafu za juu huku Mshauri akimfokea ashuke. Nyuma ya maboksi ya vichujio, kwenye vumbi zito, akakuta chupa za namba nne zikiwa zimefungwa tangu kiwandani. Akapitisha ukucha kwenye kila kizibo. Zote zilikuwa nzima, hazijaguswa.

"Hizo haziuziki," Mshauri alisema. "Watu wanaotaka rahisi wanachukua tatu, wanaotaka kizuri wanachukua tano. Nne ni ya nani?"

"Ya kwangu," alisema Koleo.

*

Aliporudi, alisikia injini kabla hajafika getini. Bibi Harusi lilikuwa limepakiwa, turubai limefungwa kamba, moshi mweusi unatoka nyuma. Honi alikuwa kwenye usukani. Baba Mkubwa alisimama kando akitabasamu, na karibu na gurudumu la mbele chupa za namba tano zilikuwa zimelala chini, tupu.

Koleo hakumwuliza mtu. Akapanda kwenye bampa, akafungua kizibo cha kikopo cha mafuta ya breki. Zambarau ikamtazama.

"Nani katia?"

"Nimetia mimi," alisema Baba Mkubwa. "Tumevuta yale ya zamani kwa bomba la sindano, tukatia haya. Kazi ya kitoto. Mnavyoitukuza, utadhani upasuaji."

Koleo akazunguka mpaka mlangoni kwa Honi. Kaka yake alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ilhali lori limesimama.

"Pedali ikoje?"

Honi akamtazama baba yake, kisha akainama dirishani na kushusha sauti. "Laini. Kama nimekanyaga mkate. Nilipokuwa narudisha nyuma hapo getini nusura nigonge nguzo."

"Na unaondoka nayo?"

"Ukiipiga mara mbili tatu inapanda."

"Kwenye kona za bondeni nani atakupa nafasi ya kupiga mara mbili tatu? Shuka, kaka."

"Mwambie mzee."

"Mwambie wewe! Wewe ndiye mwenye mguu kwenye pedali!"

"Koleo, unamjua mzee," alisema Honi, na kioo cha dirisha kikaanza kupanda taratibu.

Akamrudia Baba Mkubwa. Akaeleza. Akaeleza tena kwa maneno mengine. Akamwonyesha zile chupa za namba nne alizoleta.

Baba Mkubwa akaichukua moja, akaisoma, uso ukachangamka kama mtu aliyemkamata mwizi. "Hii si namba nne hii?"

"Ndiyo."

"Wewe unasema lori ni la namba tatu."

"Tatu na nne ni ndugu, zinachanganyika. Nne inavumilia moto zaidi, kwa hiyo..."

"Kwa hiyo tatu kwenda nne ruhusa, nne kwenda tano marufuku. Kati ya tatu na nne ni moja. Kati ya nne na tano?"

"Baba Mkubwa, hiyo tano ni mgeni aliyepewa tu jina la ukoo."

"Nimekuuliza hesabu."

"Ni moja," alisema Koleo.

"Ahsante. Honi! Ondoa gari!"

Wapakiaji waliokuwa kivulini wakacheka kidogo, kicheko kile cha watu waliokwishaona nani kashinda. Gia ikalia. Koleo akatupa chupa zile kwenye mchanga, akachomoa spana ndogo mfukoni, akaingia chini ya lori.

Mtu akapiga ukunga. Honi akakanyaga breki ya mguu na kuvuta ya mkono kwa pamoja, lori likatikisika, likasimama. Huko chini Koleo alikuwa ameshaifikia nati ya gurudumu la nyuma, ile ya kutolea upepo ulionaswa kwenye mafuta ya breki. Aliilegeza, akaikokota miguu yake kuelekea gurudumu la pili, akailegeza na hiyo. Mafuta yakaanza kutoka kwa mirija myembamba: kwanza chai, kisha zambarau, kisha chai tena. Honi alikuwa bado anakanyaga pedali kwa woga, na kila alivyokanyaga ndivyo yalivyoruka zaidi, yakamlowesha Koleo shingo na nywele.

"Anafanya nini huyo? Anafanya nini?"

"Anamwaga breki, mzee," mpakiaji mmoja akajibu, kwa heshima zote.

Alipotoka, hakuna aliyecheka. Lori lilikuwa na mzigo mgongoni na halina breki hata za kusogea hatua moja. Baba Mkubwa alimtazama kama hajawahi kumwona. Kisha simu yake ikaita, naye akaipokea kwa sauti nyingine kabisa, ya upole: ndiyo mheshimiwa, tumechelewa kidogo mheshimiwa, tatizo dogo tu la kiufundi.

Mkandarasi hakusubiri. Alileta lori la mtu mwingine mle mle uwanjani, na wapakiaji wakahamisha saruji mfuko kwa mfuko kutoka mgongo wa Bibi Harusi kwenda mgongo wa lori geni, huku Baba Mkubwa ameshika tama kwenye kiti chake cha plastiki. Jioni habari zikaja kwamba lori lile lilifika salama na mzigo mkavu, na dereva wake amepewa safari nyingine.

*

Siku iliyofuata Koleo alifanya kazi peke yake. Alisafisha mabomba kwa spiriti, akabadilisha raba zote, akajaza namba nne. Kutoa upepo kunahitaji watu wawili, mmoja pedalini na mmoja kwenye nati, na Honi alikuja kukaa pedalini bila kuitwa.

"Kanyaga. Shikilia. Achia."

Walifanya hivyo magurudumu yote bila kusema jingine. Mwisho Honi alikanyaga, pedali ikasimama juu, ngumu kama jiwe.

"Hii ndiyo breki," alisema.

"Utamwambia mzee ile nyingine ilikuwaje?"

"Nitamwambia," alisema Honi.

Jioni Koleo alinyang'anywa ufunguo wa stoo, kisha yeye na Honi wakaitwa sebuleni. Shangazi, dada yake Baba Mkubwa, ndiye aliyeitisha kikao. Alikuja na kanga mbili na sauti yake ya kusuluhisha, akaketi katikati ya kochi kubwa ili kila upande umwone. Baba Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake karibu na redio. Honi alikaa pembeni ya mlango.

"Hapa hatukuja kuhukumiana," Shangazi alianza. "Mtoto kateleza, mzazi kakasirika, yanatokea. Mwanangu, wewe mwombe Baba yako Mkubwa msamaha, naye atakurudishia ufunguo wa stoo uendelee na kazi. Neno moja tu. Halina uzito, litoe."

"Nimekosea nini, Shangazi?"

"Ameanza," alisema Baba Mkubwa. "Mwulize nini kimetokea. Lori la mtu limepita mteremko uleule, limefika. Nini kimetokea?"

"Halikuwa na namba tano ndani yake."

"Nauliza nini kimetokea!"

"Hakuna kilichotokea!" Koleo alisema, na sauti ikapanda ingawa hakuituma. "Ndiyo kazi yenyewe hiyo, Baba Mkubwa! Nikiifanya vizuri hakuna kinachotokea! Mnataka nini, niwaletee Honi kwenye machela ndipo mniamini?"

"Mdomo!" Shangazi akashtuka. "Usimtabirie kaka yako."

"Simtabirii. Yupo hapo, mwulizeni yeye. Kaka, waambie pedali ilikuwaje."

Wote wakamgeukia Honi. Redio ilikuwa inanong'ona matangazo ya vifo. Honi alijisogeza kwenye kiti, akatazama zulia, akatazama dari, kisha akamtazama baba yake, na Koleo aliona jambo likimtoka usoni kama taa inavyopungua mafuta.

"Pedali ilikuwa..." alisema.

"Ilikuwa nini?" akauliza Baba Mkubwa.

"Ilikuwa ya kawaida. Ya lori la zamani. Inategemea na mkanyagaji."

Shangazi akatengeneza kanga yake begani kama mtu aliyemaliza kazi. Koleo hakumtazama tena kaka yake. Alijua hana ushahidi. Zambarau yote ilikuwa imezama kwenye mchanga wa uwanja, na ajali iliyokuwa inamngoja Honi mteremkoni alikuwa ameiondoa mwenyewe, kwa mkono wake. Ilibaki hesabu ya Baba Mkubwa tu, tatu, nne, tano, na kila mtu chumbani mle aliijua kuihesabu.

"Nimekusomesha," Baba Mkubwa alisema, sasa taratibu, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Umeniaibisha mbele ya wapakiaji, mbele ya mkandarasi. Mimi si mtu mkorofi. Sema samahani, ufunguo huu hapa." Akauweka mezani. "Usiposema, kesho usikanyage uwanjani kwangu."

"Mama, sema basi," Shangazi akanong'ona. "Utakula uhodari wako?"

Koleo alisimama. Alimtazama mzee yule aliyemlipia kila muhula, aliyemnunulia spana yake ya kwanza, ambaye alikuwa anampenda na ambaye jana nusura amuue mwanawe mwenyewe kwa heshima.

"Ada ulizonilipia nashukuru, baba, na nitashukuru mpaka nife," alisema. "Ila kama lori lile lingekuwa hapo nje sasa hivi, na yale mafuta yamo ndani, na Honi yuko kwenye usukani, ningeingia tena chini nikayamwaga, hata mngekuwa mmesimama juu yangu. Kwa hiyo siombi. Si leo, si kesho, si mbele ya kikao wala pembeni. Samahani sina."